Kompyuta ya Zamani Isiyofika Intaneti: Jinsi ya Kutafuta Mahali pa Kosa

Siku hizi mambo mengi ya shule na ya nyumbani hupitia katika intaneti. Matokeo ya Baraza la Mitihani hutolewa huko. Maelekezo ya kujiunga na kidato cha tano huchukuliwa huko. Mtu aombaye mkopo wa elimu ya juu hujaza maombi yake huko. Kila moja ya shughuli hizi ina siku yake ya mwisho, wala siku hiyo haimngoji mtu ambaye kompyuta yake imegoma. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kuandika somo hili kwa ajili ya wanafunzi wenzangu, na kwa wazazi ambao wana kompyuta nyumbani.

Katika vijiji vyetu hapa Bukundi na wilaya yote ya Meatu, kompyuta nyingi zilizomo majumbani si mpya. Nyingine zilitumika maofisini miaka mingi kabla ya kuuzwa, na nyingine ni zawadi ya ndugu aliye mjini. Nyumba zetu hazina waya wa intaneti, bali kompyuta huazima intaneti kutoka katika simu ya baba au ya mama. Chombo kama hicho kikikataa, watu wengi hufanya mambo matatu kwa mara moja: hununua bando jingine, hubonyeza kila kitu kilichoko kwenye skrini, kisha hupakia kompyuta katika basi kuipeleka kwa fundi Mwanhuzi au Bariadi. Fedha hutumika mara tatu, na pengine kosa lilikuwa dogo ambalo mtu angeliondoa mwenyewe kwa dakika tano.

Neno ninalotaka kulieleza ni hili: kabla ya kutengeneza kitu chochote, tafuta kwanza ujumbe umekwama wapi. Nitaeleza njia ambayo ujumbe hupita, kisha hatua za kuikagua moja moja.

NJIA YA UJUMBE

Tuchukue mfano wa barua. Mtu wa Bukundi aandikaye barua kwa ndugu yake aliye ng'ambo haoni njia yote, lakini ajua ya kwamba barua hupokezwa mkono kwa mkono: posta, gari, mji mkubwa, ndege, na posta ya ng'ambo. Barua isipofika, mtu mwenye busara huanza kuuliza katika mkono wa kwanza, kisha wa pili, mpaka aukute mkono ambao barua iliishia.

Intaneti nayo ni hivyo. Mkono wa kwanza ni kompyuta yenyewe. Wa pili ni simu, au modemu ile ndogo ichomekwayo ubavuni mwa kompyuta. Wa tatu ni mnara wa kampuni ya simu. Wa nne ni njia za nchi yetu, ambazo kubwa katika hizo ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyuzi za kioo zipitishazo ujumbe kwa mwanga kutoka mkoa hata mkoa. Wa tano ni nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama ule wa SEACOM ulioanza kazi mwaka 2009 na ule wa EASSy ulioanza mwaka 2010, ambazo zote hutua Dar es Salaam. Wa sita ni kompyuta ya mwenye tovuti. Tovuti nyingine zimo humu humu nchini, nazo hazina haja ya kuvuka bahari.

Kujua njia hii kuna faida. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini, na intaneti ikawa dhaifu sana au kukatika kabisa katika Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani. Siku kama hiyo, mtu akifungua kompyuta yake kwa bisibisi atapoteza muda bure, maana kosa li mbali naye. Basi hatua ya kwanza hapa chini ni ya kutenganisha makosa yaliyo nyumbani na yale yaliyo nje.

HATUA YA 1: JE, SIMU YENYEWE YAFIKA?

Shika simu ile ile inayotoa intaneti, ufungue tovuti ambayo hukuifungua karibuni. Usijaribu kwa ukurasa uliousoma jana, maana simu huweka akiba ya kurasa za zamani nayo yaweza kukudanganya.

Ikiwa simu haifungui, kompyuta haina kosa, usiiguse. Tazama alama iliyo juu ya kioo cha simu. Alama ya 4G au ya H yaonyesha njia nzuri ya kutosha. Herufi E ni njia ya zamani, nyembamba sana, ambayo ukurasa wa leo wenye picha nyingi hushindwa kupita. Angalia salio la bando. Angalia ya kuwa data imewashwa na alama ya ndege imezimwa. Kisha uzime simu na kuiwasha tena, ili ijiandikishe upya kwenye mnara. Mahali penye mawimbi hafifu, kuisogeza simu dirishani au kuitoa chini ya bati kwaweza kuleta tofauti kubwa. Ikiwa jirani mwenye laini ya kampuni ile ile naye hapati, ngoja.

Ikiwa simu yafungua tovuti vizuri lakini kompyuta haifungui, basi kosa limo kati ya simu na kompyuta, au ndani ya kompyuta. Endelea na hatua ya pili.

HATUA YA 2: KIUNGO KATI YA SIMU NA KOMPYUTA

Simu hugawa intaneti kwa njia mbili: kwa mawimbi, ambayo watu huiita hotspoti, na kwa waya wa USB.

Kwa upande wa mawimbi, kompyuta ya zamani ina udhaifu ambao watu wengi hawaujui. Waifai hutumia hasa masafa mawili: gigahetsi 2.4 na gigahetsi 5. Kompyuta nyingi za zamani husikia masafa ya 2.4 peke yake. Simu mpya ikiwekwa kutangaza kwa masafa ya 5, kompyuta hiyo haitaiona kamwe, hata ukiiweka juu yake. Mtu hudhani ya kwamba kompyuta imeharibika, kumbe ni kama redio ya mawimbi ya kati inayotafutiwa stesheni ya FM. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya hotspoti ya simu na kuchagua gigahetsi 2.4.

Udhaifu wa pili ni wa ulinzi. Simu mpya zaweza kutumia ulinzi uitwao WPA3, ambao kompyuta ya zamani haujui. Hapo kompyuta huliona jina la simu lakini hukataa kuungana, hata neno la siri likiwa sahihi. Katika mipangilio ile ile, chagua WPA2. Usichague kuacha wazi bila neno la siri, maana mpita njia atalimaliza bando lako.

Kadhalika, kompyuta mpakato za zamani huwa na swichi ndogo ubavuni, au kitufe chenye alama ya mnara, cha kuzima na kuwasha waifai. Mtoto akiisukuma kwa kidole, majina yote hupotea kwenye skrini. Tazama swichi hiyo kabla ya jambo lingine.

Kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina kipokea mawimbi kabisa. Kwa hizo, tumia waya. Chomeka simu kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu washa ugawaji wa intaneti kwa USB. Kompyuta yenye Windows 7 au iliyofuata mara nyingi huitambua simu ya Android bila msaada. Lakini angalia waya wenyewe. Ziko nyaya zinazouzwa kwa bei ndogo ambazo ndani yake zina njia ya kuchaji tu, hazina njia ya data. Ikiwa simu yachaji lakini kompyuta haionyeshi dalili ya kuiona, jaribu waya mwingine kabla ya kuilaumu kompyuta.

HATUA YA 3: JE, KOMPYUTA IMEPEWA ANWANI?

Kila chombo kilichoungana na mtandao hupewa anwani ya tarakimu. Simu ndiyo mgawaji wa anwani hizo nyumbani. Kuitazama anwani katika Windows, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, bonyeza kitufe cha kuingiza, kisha katika kidirisha cheusi andika ipconfig na kubonyeza tena. Katika mistari itakayotokea tafuta tarakimu nne zilizotengwa kwa nukta.

Ikiwa anwani yaanza na 192.168, kama zifanyavyo simu nyingi, au na 172.20.10 kama zifanyavyo simu za iPhone, mambo ni mema. Nenda hatua ya nne. Ikiwa yaanza na 169.254, jua ya kuwa kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe anwani isiyo na faida. Hapo kiungo si kizima ijapokuwa skrini yasema umeungana. Zima hotspoti na kuiwasha tena. Iambie kompyuta iusahau mtandao huo, kisha uungane upya. Ikishindikana, zima vyombo vyote viwili na kuviwasha, simu kwanza, kompyuta baadaye.

HATUA YA 4: NAMBA YAJIBU, JINA HALIJIBU

Katika kidirisha kile kile cheusi andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya kompyuta za kampuni ya Google zinazojibu watu duniani kote. Kompyuta yako itapeleka salamu nne. Ikiwa mistari minne yarudi na muda uliohesabiwa kwa milisekunde, ujumbe wako umetoka nyumbani, umefika nje na kurudi. Ikiwa hakuna jibu hata moja, rudi hatua ya kwanza na ya pili.

Sasa andika ping, kisha jina la tovuti yoyote uijuayo. Sisi binadamu hutumia majina, lakini mashine hutumia tarakimu. Kwa hiyo kompyuta huuliza kwanza katika daftari kubwa la majina, lijulikanalo kwa herufi DNS, ili ipewe tarakimu za jina hilo. Ikiwa tarakimu zatokea karibu na jina, daftari limejibu, hata kama tovuti yenyewe haikurudisha salamu; ziko tovuti zisizojibu salamu kwa makusudi. Ikiwa kompyuta yasema haikulipata jina hilo, basi kosa liko kwenye daftari la majina. Andika ipconfig /flushdns ili kufuta majina ya zamani yaliyowekwa akiba, kisha ujaribu tena. Ikigoma, ingia katika mipangilio ya mtandao na kuandika kwa mkono 8.8.8.8 mahali pa DNS.

Hatua hii ya nne ndiyo igawanyayo kazi katikati. Mtu aliyeifikia naye amejibiwa mara zote mbili ajua kwa hakika ya kuwa simu, mnara na njia zote ni nzima. Kama tovuti bado hazifunguki, sababu imo ndani ya kompyuta yenyewe, na katika kompyuta za zamani sababu hiyo mara nyingi ni mojawapo ya mbili: saa au umri.

HATUA YA 5: KOMPYUTA YADHANI LEO NI SIKU GANI?

Wengi hucheka wakiambiwa ya kwamba saa mbaya yaweza kuzuia intaneti. Tueleze sababu yake.

Tovuti iliyo salama huwa na hati, kama kitambulisho cha mtu. Hati hiyo husema jina la tovuti, nani aliyeitoa, siku inayoanza kutumika na siku inayokwisha. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, huisoma hati kabla ya kuonyesha ukurasa. Kisha hutazama kalenda ya kompyuta. Kalenda ikisema leo ni mwaka 2010, hati iliyotolewa mwaka huu huonekana kama hati ya mtu ambaye hajazaliwa. Kivinjari hukataa na kuandika ya kwamba muunganisho si salama. Hakikosei: chafanya kazi yake kwa tarehe kilichopewa.

Kwa nini kompyuta ipotewe na tarehe? Ndani yake, juu ya ubao mkuu, mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu. Kazi yake ni kuendesha saa wakati umeme umezimwa. Iliyo ya kawaida huitwa CR2032, na jina hilo laeleza umbo lake: upana wake ni milimita 20 na unene wake ni milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Betri hiyo hudumu miaka kadhaa, kisha huisha. Tangu siku hiyo, kila kompyuta ya mezani inapochomolewa katika umeme, saa hurudi kwenye tarehe ya zamani, kwa kawaida ya mwaka ambao ubao ulitengenezwa au karibu yake. Kompyuta nyingine huandika onyo inapowaka na kumtaka mtu abonyeze F1 kabla ya kuendelea.

Jambo hili nililiona nyumbani wakati dada yangu mkubwa alipochaguliwa kidato cha tano. Ilimpasa apate maelekezo ya kujiunga, yachapishwe, na sehemu nyingine zijazwe na daktari na mzazi. Simu ya baba ilifungua tovuti, lakini mashine ya kuchapia ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani, nayo ilikataa kila tovuti. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kusema ya kwamba kompyuta hiyo haifai tena, inunuliwe nyingine. Baba akasema, "Mwanangu, chombo hiki kimezeeka kama mimi. Tukiache." Nikamwomba, "Baba, tukiulize kwanza kinadhani leo ni tarehe gani." Tulipotazama pembeni mwa skrini, tukakuta Januari 2009. Tuliandika tarehe ya siku hiyo, tukafungua kivinjari upya, na ukurasa ukaja. Dada alichapisha karatasi zake jioni ile ile.

Kesho yake asubuhi tarehe ilikuwa imerudi nyuma tena, kwa sababu usiku umeme huzimwa. Ndipo tukajua ya kuwa betri imekwisha. Baba alipokwenda Mwanhuzi kwa shughuli zake alinunua betri moja, na bei yake haikufika nauli ya safari hiyo. Mpaka leo dada yangu hutumia kompyuta hiyo wakati wa likizo.

Jinsi ya kuibadilisha betri ni hivi. Zima kompyuta na kuchomoa waya wa umeme ukutani. Gusa chuma cha sanduku lake ili umeme mdogo uliomo mwilini mwako utoke. Fungua kifuniko cha ubavuni. Itafute sarafu hiyo kwenye ubao, uangalie alama ya kujumlisha imetazama wapi, kwa kawaida juu. Sukuma kibanio chake polepole kwa ukucha, nayo itaruka. Weka mpya kwa upande ule ule. Funga, washa, uandike tarehe. Sanduku la chuma lenye feni ambamo waya wa umeme huingia usilifungue kabisa, maana umeme wa kudhuru waweza kubaki ndani yake hata baada ya kuchomolewa. Na kompyuta mpakato, ambazo betri yake ndogo mara nyingi huwa imeunganishwa kwa nyaya, mpe fundi, lakini umwambie wazi kosa ni lipi.

Nawakumbusha mambo mawili kuhusu kuandika saa. La kwanza, chagua ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, ambao Windows huuita Nairobi, wa saa 3 mbele ya saa ya dunia. La pili, kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, haihesabu kama sisi. Saa mbili asubuhi huandikwa 8:00. Mtu akiandika 2:00 amemwambia mwenzake wa mashine ya kwamba bado ni usiku wa manane umepita kidogo.

HATUA YA 6: UMRI WA PROGRAMU

Ikiwa tarehe ni sahihi na tovuti bado zakataa, basi programu zenyewe zimepitwa. Watengenezaji huacha kuzihudumia baada ya miaka fulani. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kivinjari cha Chrome nacho kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwezi Februari 2023, na toleo la mwisho kwa Windows hiyo ni la 109.

Lugha ya siri ambayo tovuti hutumia nayo hubadilika. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliacha lugha mbili za zamani, TLS 1.0 na TLS 1.1, na tovuti nyingi zikaacha pia. Kivinjari cha kale kisichojua lugha mpya hakiwezi kusalimiana na tovuti hizo. Hata zile hati nilizozitaja husimamiwa na hati mama zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta, na hati mama nazo huisha. Tarehe 30 Septemba 2021 hati mama moja iliyotegemewa na tovuti nyingi duniani, iitwayo DST Root CA X3, ilikwisha muda wake. Vyombo vya zamani ambavyo havikupata masasisho vikaanza kuzikataa tovuti hizo siku moja, na wenyewe hawakujua sababu.

Dawa iko, nayo si lazima iwe kununua kompyuta mpya. Kwanza, weka toleo la mwisho la kivinjari linalokubaliwa na Windows uliyo nayo. Firefox hufaa kujaribiwa, maana huja na hati mama zake yenyewe wala haitegemei zile za Windows. Pili, muulize fundi au mwalimu wa kompyuta kuhusu Linux, ambayo haiuzwi na ina matoleo mepesi yaliyofanywa kwa ajili ya mashine dhaifu. Hifadhi kazi zako mahali pengine kabla ya kuiweka. Tatu, wakati dawa haijapatikana, shughuli isikwame: pakua karatasi kwa simu, uihamishe kwa waya wa USB hadi kwenye kompyuta, uichapishe. Kuchapisha hakuhitaji intaneti.

Lakini nawaonya wazazi: kompyuta ambayo watengenezaji wameiacha haifai kuandikiwa namba za siri za benki wala za fedha za simu. Itumike kwa kusoma, kuandika na kuchapa.

BANDO LINALOKWISHA HARAKA

Malalamiko mengine ni ya kwamba kompyuta hufika intaneti, lakini bando la siku saba huisha kwa saa moja. Sababu yake kubwa ni masasisho. Windows iliyolala miezi kadhaa bila intaneti, ikiipata, huanza kupakua vitu vyake bila kuomba ruhusa, kwa kuwa yadhani iko ofisini kwenye waya usiopimwa. Katika Windows 10 na 11, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo na kuwasha alama isemayo ya kwamba muunganisho wapimwa. Kompyuta itapunguza sana upakuaji wake. Usizime masasisho milele, maana ndiyo kinga ya mashine. Yapakue siku utakapopata intaneti ya kutosha.

DAFTARI

Mwisho, fanya badiliko moja kwa wakati mmoja, na kuliandika. Mtu abadilishaye mambo manne pamoja, kompyuta ikapona, hajui ni lipi lililoiponya. Na ikiharibika zaidi, hajui arudishe lipi. Daftari dogo kando ya kompyuta, lenye tarehe, kosa lililoonekana, lililofanywa na lililotokea, litamsaidia mwenye nyumba na litamsaidia fundi. Fundi akipewa maneno, "Simu yafungua, namba yajibu, jina lajibu, tarehe ni sahihi," ajua pa kuanzia, wala hatakuwa na sababu ya kumtoza mtu fedha za kutafuta yaliyokwisha kutafutwa.

Kwa kuwa sisi wanafunzi wa bweni hatukai na simu shuleni, majaribio haya yafaa kufanywa wakati wa likizo, kwa simu ya mzazi na kwa idhini yake. Waanze wale ambao nyumbani kwao mna kompyuta iliyofunikwa kitambaa kwa kudhaniwa imekufa. Pengine yangoja betri moja.

MASWALI

1. Simu ya mama yafungua tovuti zote. Kompyuta yaonyesha imeungana, lakini anwani yake ni 169.254.20.7. Kosa liko wapi, nawe utafanya nini?

2. Ping 8.8.8.8 yarudisha mistari minne yenye muda, lakini jina la tovuti halipati tarakimu. Je, yafaa kununua bando jingine? Eleza sababu.

3. Kompyuta ya mezani hukataa tovuti zote kila asubuhi, na kila siku mtu hurekebisha tarehe yake. Taja kitu cha kununua, na mambo matatu ya kufanya kabla ya kugusa ubao wake.

4. Simu mpya yatangaza hotspoti, na simu nyingine zote zaiona, ila kompyuta mpakato ya zamani haioni jina lake. Taja mambo mawili ya kukagua.

Majibu yamo katika hatua ya 3, ya 4, ya 5 na ya 2.